Sanduku Likijaa, Nani Amwambie Mtumaji?

Leo niko Usenge, kule Yimbo, kaunti ya Siaya, mahali ambapo barabara ya kutoka Bondo inaishia majini. Ukisimama ufukweni hapa alfajiri utaziona mashua za omena zikirudi, taa zake zimezimwa punde, na akina mama wamekwisha kujipanga na makarai na ndoo zao.

Kuna jambo dogo linalofanyika hapa kila asubuhi, na ndilo lililonifanya niombe nafasi ya kusema nawe. Mvuvi akishusha samaki, mchuuzi mwenye nafasi humwambia leta. Aliyejaza humwambia palepale, mvuvi akiwa bado ndani ya maji hadi magotini: "Leo nimejaa, baba. Mjaribu yule wa pale." Mvuvi atasikitika, lakini anajua la kufanya, na atalifanya kabla jua halijapanda. Sijawahi kumwona mama akipokea karai la omena, akashukuru, kisha akaenda nyuma ya banda akalimwaga asimwambie mtu. Angefanya hivyo, kamati ya ufuo ingekaa siku hiyohiyo.

Barua pepe za vyuo vikuu vyetu hutendwa hivyo, na hakuna kamati inayokaa.

Nitakupa kisa. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alipofika mwaka wa mwisho chuoni aligundua kwamba alama za somo moja hazimo kwenye matokeo yake. Wanafunzi wa vyuo vya Kenya wanalijua jambo hili vizuri kupita kiasi. Mtihani uliufanya, jina uliandika, karatasi ikakusanywa, lakini ukifungua matokeo unakuta nafasi tupu, na nafasi hiyo moja inatosha kukuondoa kwenye orodha ya mahafali. Chuo chenyewe sitakitaja. Binti alikuwa hapa nyumbani, nauli ya kurudi chuoni ilikuwa haijapatikana, na tangazo lilisema kila mwenye alama zilizopotea amwandikie mhadhiri wake kwa barua pepe kabla ya Alhamisi jioni. Jumatatu asubuhi akaenda saiba, akaskani kadi yake ya mtihani, akaandika barua ya adabu, akaituma kutoka akaunti yake ya chuo. Kompyuta ikamwambia imetumwa. Akalipa, akarudi nyumbani kungoja.

Jumanne kimya. Jumatano kimya. Alhamisi nilimuuliza, akanijibu, "Mjomba, nadhani mhadhiri anaishughulikia. Tusimsumbue." Hayo ni malezi mema. Mkubwa ukishampelekea ombi, humgongei mlango kila saa. Jumamosi ikaja barua, lakini haikutoka kwa mhadhiri. Ilitoka kwa mashine, imejaa tarakimu na Kiingereza cha mafundi, na katikati yake mstari mmoja: sanduku la mpokeaji limejaa. Orodha ilikuwa imefungwa siku mbili kabla.

Mimi nimefanya kazi miaka mingi katika chumba cha seva cha chuo kikuu kingine, na barua za namna ile nimeziona kwa maelfu. Nilipoisoma kwenye simu yake nilielewa mara moja kilichotokea. Tena niliona aibu, kwa sababu mtambo niliousimamia mimi ulikuwa umepangwa vilevile.

Tuingie ndani kidogo, maana ukielewa jinsi kazi inavyofanyika utaona kwamba kila mahali pana mtu aliyeamua. Seva inayotuma barua na seva inayopokea huongea kama watu wawili mlangoni. Ya kwanza inabisha, inajitambulisha, inasema barua imetoka kwa fulani na inamwendea fulani. Ya pili inajibu kwa tarakimu tatu. Zikianza na 2, maana yake nimepokea. Zikianza na 4, sasa hivi siwezi, rudi baadaye. Zikianza na 5, haiwezekani, usirudi na barua hii. Mazungumzo hayo yalipangwa na Jonathan Postel, mtaalamu wa Marekani, mnamo Agosti 1982, na hata kanuni zilipoandikwa upya mwaka 2008 uti wa mgongo haukubadilika.

Sanduku lililojaa linaweza kupata jibu la aina yoyote kati ya hizi mbili za mwisho. Liko 452, nafasi haitoshi kwa sasa, na liko 552, mpokeaji amepita mgao wake. Waraka wa mwaka 2003 unaofafanua majibu haya unapendelea lile la muda, na sababu yake ni njema: mwenye sanduku anaweza kufuta barua za zamani jioni hiyohiyo na nafasi ikapatikana. Basi seva iliyotuma huiweka barua kwenye foleni, inarudi kubisha baada ya nusu saa au zaidi, inabisha tena na tena, na kanuni zinataka isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Postfix, programu inayoendesha barua katika vyuo vingi, usipoigusa hungoja siku 5 kamili. Kuanzia Jumatatu asubuhi hadi Jumamosi asubuhi, msikilizaji. Mashine haikukosea hata dakika.

Basi tatizo liko wapi? Kungoja si kosa. Mhadhiri huenda alikuwa safarini, huenda angerudi Jumatano akasafisha sanduku lake na barua ikaingia. Kosa ni kungoja bila kumwambia mtumaji. Programu ya zamani, Sendmail, ikikaa na barua saa 4 bila kuifikisha humwandikia mtumaji: barua yako bado ninayo, naendelea kujaribu. Nyingine iitwayo Exim hufanya hivyo baada ya saa 24. Postfix haisemi neno mpaka fundi aandike mstari mmoja wa kuiamuru iseme. Ni mstari mmoja tu, na mimi kwa miaka mingi sikuuandika. Tulikuwa na sababu, nakiri: watu walipopata onyo lile walidhani barua imekufa, wakatuma tena mara tatu, wakapiga simu ofisini, kazi ikatuzidi. Tukachagua utulivu wetu. Yule aliyekuwa na siku ya mwisho Alhamisi hatukumfikiria hata kidogo. Mpwa wangu angeambiwa Jumatatu mchana, angekopa nauli Jumanne.

Nilikulia hapa wakati barua ni ya karatasi. Nyumba nyingi hazikuwa na sanduku la posta, kwa hiyo barua zilikuja kwa anwani ya shule, na mwalimu alisoma majina wanafunzi wakiwa wamepanga mistari. Jina likisomwa asipatikane mwenyewe, mtoto wa jirani angesema, "Huyo yuko Mageta, mashua ya jioni nitampelekea." Barua zilichelewa, tena sana, lakini kila iliyochelewa ilikuwa mkononi mwa mtu anayejua kwamba imechelewa. Hata nchi zetu zilipoanza kutumia barua pepe mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa mradi wa ESANET uliowaunganisha watafiti wa Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe, barua zilikusanywa furushi zima na kupitishwa kwenye laini ya simu, na fundi alikuwa karibu na foleni. Leo foleni imo ndani ya mashine isiyo na mtu mbele yake.

Nirudi kwenye lile karai linalomwagwa nyuma ya banda. Kanuni za barua pepe zina sharti moja ninalolihesabu kuwa zito kuliko yote. Seva ikishajibu 250, yaani sawa nimepokea, mzigo umehamia kwake. Ama iifikishe barua, ama imwarifu mtumaji kwamba imeshindikana. Hairuhusiwi kuipoteza kwa sababu ya kipuuzi, hata mtambo ukizimika na kuwashwa tena. Neno sawa ni ahadi.

Sasa tazama jinsi mitambo ya vyuo vyetu ilivyojengwa. Mlangoni kuna seva ya ulinzi inayochuja barua taka. Yenyewe haijui masanduku ya ndani yamejaa au la, kwa hiyo inamwambia kila mmoja sawa, sawa, sawa. Barua inapita ndani, inakuta sanduku limejaa, inarudi mlangoni. Kwa haki seva ile inapaswa kuandika barua ya kuirudisha. Lakini watumaji wa barua taka hughushi anwani, wakaweka jina lako wewe usiyejua lolote, na barua za kurudisha zikaanza kuwamiminikia watu wasiohusika, mamia kwa siku. Mafundi wengi wakaona dawa ni kuzima kabisa barua za kurudisha. Barua taka na barua ya mwanafunzi zikazikwa kaburi moja. Aliyeandika anaambiwa imefika, aliyeandikiwa haoni kitu, na mashine haina deni tena.

Dawa ipo na si ghali. Seva ya mlangoni iulize ndani kabla ya kusema sawa: je, sanduku la fulani lina nafasi? Postfix inaweza kuuliza swali hilo, na Dovecot, programu inayotunza masanduku, inaweza kulijibu. Jibu likiwa hapana, barua inakataliwa mtumaji angali mlangoni, na seva yake mwenyewe ndiyo inayompa habari. Hakuna mgeni anayeandikiwa kwa makosa. Ni kama yule mama wa ufukweni anayesema nimejaa mvuvi akiwa bado majini.

Kuna jambo jingine linalonisumbua hata usiku. Barua ya kurudisha barua haina anwani ya mtumaji. Mahali pa jina pameachwa wazi kwa makusudi, ili ikishindwa kufika isirudishwe tena, maana masanduku mawili yaliyojaa yangerudishiana barua mpaka mwisho wa dunia. Ni mpango wa akili. Lakini matokeo yake fikiria: mhadhiri amejaa, na mwanafunzi naye amejaa. Barua ya mwanafunzi inakataliwa, taarifa ya kukataliwa inamrudia, inakuta kwake nako hakuna nafasi, basi inafia hapo. Hawa wawili wanaweza kukutana Desemba, mmoja akasema niliandika, mwingine akasema sikupata, wote wakisema kweli, na kila mmoja akamwona mwenzake mwongo.

Wala si jambo la nadra, ukiangalia jinsi masanduku yanavyojaa. Machi 2007 Google ilitangaza kuvipa vyuo vya Rwanda na Kenya huduma zake za barua pepe bure, Chuo Kikuu cha Nairobi kikiwa miongoni mwa vya kwanza, na polepole tukazoea kudhani nafasi haina mwisho. Kwa vyuo ikawa kweli haina mwisho kwa miaka kadhaa. Februari 2021 kampuni hiyo ikatangaza kwamba hilo linakoma, na kuanzia Julai 2022 chuo kizima kinapewa terabaiti 100 za kugawana. Zinasikika nyingi. Gawa kwa akaunti 20,000, kila mtu anapata gigabaiti 5, humo humo barua, picha, mafaili na video za mihadhara.

Sasa mhadhiri ana darasa la wanafunzi 300, na amesema kazi zitumwe kwa barua pepe. Mwanafunzi wa Usenge hana kompyuta, anaandika kwa kalamu, anapiga picha kurasa kumi kwa simu, faili linakuwa megabaiti 15. Barua pepe iliumbwa kubeba maandishi, kwa hiyo kila kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kabla ya safari, na kila baiti 3 zinakuwa herufi 4. Megabaiti 15 zinafika zikiwa 20. Mara 300, ni gigabaiti 6. Kazi moja ya darasa moja imekwisha kuvuka mgao wake wote. Hapo huwezi kumlaumu mhadhiri kwamba ni mvivu wa kufuta. Amepewa karai na watu wakamletea shehena ya mashua.

Kwa upande wa mwanafunzi, hasa anayetumia Gmail yake binafsi, kuna gigabaiti 15 za bure, na ndani yake huhesabiwa barua, picha, na tangu mwaka 2024 nakala rudufu za WhatsApp kwenye simu za Android. Harusi moja ya binamu, video za kikundi cha kanisa, na matangazo ya mazishi ya kijiji kizima, nafasi imekwisha. Kijana hajui kwamba WhatsApp na barua yake ya ufadhili vinalala kitanda kimoja. Google ikiona umejaa, barua haziingii. Ukiwa msikilizaji mwenye mtoto chuoni, jioni hii mwambie afungue simu atazame nafasi iliyobaki. Itamchukua dakika moja.

Lakini sikubali mzigo huu uachiwe mwanafunzi. Chuo kikichagua barua pepe kuwa njia ya kutoa na kupokea taarifa zenye siku ya mwisho, chuo ndicho chenye wajibu wa kujua kama zimefika. Mahakama zetu zimekwisha kuliona hilo. Kanuni za kesi za madai zilizorekebishwa Februari 2020 zinaruhusu hati ya kuitwa mahakamani ipelekwe kwa barua pepe, lakini inahesabiwa imefika pale mtumaji anapopata uthibitisho wa kufika. Kubofya kitufe cha kutuma hakutoshi. Kama mdaiwa wa mkopo anapewa ulinzi huo, mwanafunzi aliyelipa karo miaka minne anastahili pungufu kwa sababu gani?

Onyo la sanduku kukaribia kujaa lisitumwe ndani ya sanduku lilelile peke yake. Asiyefungua barua hatalisoma. Litumwe kwa ujumbe mfupi wa simu sanduku likifika asilimia 80. Kazi za wanafunzi ziende kwenye Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni ambao vyuo vingi vinao tayari, na malalamiko ya alama yaende kwenye anwani ya idara inayofunguliwa na zaidi ya mtu mmoja. Anwani ya mtu mmoja ina likizo, ina ugonjwa, ina msiba.

Kisha lugha. Taarifa ya kurudishwa barua nayo ni barua, na inamfikia mtu mwenye wasiwasi. Kwa nini aandikiwe kama fundi? Postfix inaruhusu maneno hayo yabadilishwe, na wala haidai yawe Kiingereza. Nimeandika mfano, sikiliza: "Barua yako uliyotuma Jumatatu saa 4:12 asubuhi bado haijafika. Sanduku la mpokeaji limejaa. Tutaendelea kujaribu hadi Jumamosi saa 4:12 asubuhi. Ikiwa jambo lako lina siku ya mwisho kabla ya hapo, usingoje. Piga simu idarani au fika ofisini. Hifadhi barua hii. Inaonyesha siku na saa uliyoandika." Ndiyo hiyo tu. Mtu wa Usenge ataielewa, na profesa ataielewa.

Lile neno la kuhifadhi nimeliweka kwa sababu ya mpwa wangu. Nilimwambia asiifute ile barua ya Jumamosi hata kama inamuumiza. Tuliichapisha saibani, karatasi mbili, tukapanda matatu ya Bondo pamoja na kuunganisha mpaka chuoni kwake. Kwenye barua za kurudishwa mashine huandika saa barua ilipoingia mikononi mwake, na hapo palisomeka Jumatatu. Karani wa ofisi ya masomo aliisoma mara mbili, akaingia ndani kumwita mhadhiri.

Mhadhiri alikuja mwenyewe. Alisema hakuona barua yoyote, nami nilimwamini, kwa kuwa barua iliyokataliwa mlangoni haiachi hata alama ndani ya sanduku. Hakujua kwamba amejaa. Alipoelewa, alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: ni wangapi wengine waliniandikia wiki ile?

Sanduku lake halikuweza kumjibu, lakini seva hutunza kumbukumbu ya kila anayebisha, hata asiyefunguliwa. Tukashuka naye hadi kwa fundi wa chuo, kijana mwepesi wa mikono, akafungua kumbukumbu za siku zile, akachuja 452 zote zilizomhusu mhadhiri huyu. Anwani zikaanza kutokea kwenye skrini, moja chini ya nyingine, nyingi zimejirudia kila nusu saa usiku na mchana, mashine zikibisha. Fundi akaondoa zilizojirudia, akazisoma polepole. Mhadhiri alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na daftari juu ya goti. Kila jina alilolisikia aliliandika, na pembeni akamwomba karani amtafutie namba ya simu.